Shekhar Mehta: Mzaliwa wa Uganda aliyeshinda Safari mara tano kwa kujua lini apunguze mafuta

Mwezi wa Aprili 1973, siku za Pasaka, magari mawili ya Datsun yalimaliza mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki na hesabu ile ile. Kila moja lilikuwa limepoteza alama 406. Yalikuwa yamepita kwenye vumbi, matope, mawe na mito kwa maelfu ya kilometa, usiku na mchana, na mwishoni hapakuwa na tofauti ya hata dakika moja kati yao.

Waamuzi walirudi kwenye kanuni. Magari yakilingana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupoteza alama. Kwa kanuni hiyo, Harry Källström wa Sweden aliwekwa nafasi ya pili. Ushindi ulikwenda kwa kijana wa miaka 27 aliyeitwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka mmoja kabla ya hapo, familia yake ilikuwa imelazimika kuiacha nchi hiyo.

Mehta alikuja kushinda Safari mara tano, na mara nne kati ya hizo zilifuatana. Aliaga dunia mwaka 2006. Katika ushindi wote huo aliendesha magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kwenye barabara ambazo shofere yeyote wa Kivu angezitambua.

Mtoto wa mashamba

Shekhar Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945 nchini Uganda, katika familia ya Wahindi wa asili ya Gujarat waliokuwa na mashamba makubwa. Wakati huo Uganda, Kenya na Tanganyika zilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Wahindi wengi walikuwa wafanyabiashara, wenye viwanda, mafundi na makarani. Watoto wao walizaliwa hapo, wakakulia hapo, na hawakujua nyumbani pengine.

Alianza mashindano ya magari akiwa na miaka 21 hivi, akiendesha BMW. Uganda ya miaka ya 1960 ilikuwa mahali pazuri pa kujifunza. Barabara nyingi zilikuwa za udongo mwekundu, na udongo huo una sura mbili. Jua likiwaka unakuwa mgumu, na juu yake kuna changarawe ndogo zinazozunguka chini ya tairi kama punje za mahindi. Mvua ikinyesha unakuwa kama sabuni.

Mashindano ya Safari yalikuwa yameanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanyika karibu na Pasaka, wakati wa masika. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano angeweza kukutana na lori, basi, ng'ombe au watu wanaotoka kanisani. Hesabu ilikuwa rahisi: kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa. Aliyepoteza dakika chache kuliko wote ndiye aliyeshinda.

Kwa sababu hiyo, mwenye mbio kubwa hakuwa mshindi kila mara. Tairi moja lililopasuka lilikula dakika kadhaa. Gari lililokwama kwenye matope lingeweza kula saa nzima. Magari mengi yaliyoondoka kwa kishindo hayakuonekana tena kwenye mstari wa mwisho.

Gari lenye nguvu nyuma

Mwaka 1971 Mehta alipata gari lililomtambulisha kwa watu: Datsun 240Z. Lilikuwa gari la michezo kutoka Japani, la watu wawili, lenye pua ndefu na mgongo mfupi. Injini yake ilikuwa ya lita 2.4, yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Nguvu yote ilipita katikati ya gari na kwenda kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Dereva alikaa nyuma sana, karibu na ekseli yenyewe.

Mwaka huo Edgar Herrmann alishinda na 240Z, na Mehta akawa wa pili na 240Z nyingine, akiwa na Mike Doughty kama msomaji wa njia. Gari lilikuwa limeonyesha kwamba linaweza. Lakini lilitaka mtu mwenye mguu mwepesi.

Shofere anayepanda kutoka katikati ya Bukavu kuelekea Kadutu wakati wa mvua anaifahamu shida hiyo bila kuwahi kuona gari la michezo. Mabasi madogo mengi na malori yanayopanda kuelekea Nyamugo au Cimpunda yanasukumwa na magurudumu ya nyuma pia. Shofere akikanyaga mafuta kwa nguvu kwenye kona yenye potopoto, matairi ya nyuma huzunguka bure, mkia wa gari huenda pembeni, na abiria hupiga kelele. Gari la Mehta lilikuwa na shida hiyo hiyo, ila nguvu na mwendo vilikuwa vikubwa zaidi.

Sababu ni moja. Tairi lina uwezo mmoja tu wa kushika udongo, na uwezo huo unagawanywa kwa kazi tatu: kusukuma gari mbele, kulisimamisha na kulishikilia kwenye kona. Kazi moja ikichukua sehemu kubwa, nyingine hubaki na kidogo. Dereva anayetaka nguvu yote ya injini akiwa bado katikati ya kona analiomba tairi la nyuma kazi mbili kwa wakati mmoja. Likishindwa, linaacha zote mbili. Halisukumi tena, na halishikilii tena.

Hapo ndipo wengi huongeza kosa la pili. Wakisikia mkia unaondoka, huondoa mguu ghafla kwenye mafuta, au hukanyaga breki. Uzito wa gari huruka mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na matairi ambayo tayari yalikuwa yameanza kuteleza hupoteza hata kile kidogo yaliyokuwa nacho. Gari linageuka na kutazama lilikotoka. Kwenye mteremko wa Kadutu, ambako nyumba ziko chini ya barabara na watu wanapita ukingoni na mizigo kichwani, kosa hilo linaweza kuua.

Madereva wa Safari walijifunza kufanya kinyume. Breki hukanyagwa mapema, gari likiwa bado limenyooka. Usukani hugeuzwa taratibu. Mafuta huongezwa kidogo kidogo kadiri kona inavyofunguka, ili uzito urudi nyuma na kuyabana matairi kwenye udongo. Mkia ukianza kwenda, usukani huelekezwa upande ule ule mkia unakokwenda, na mguu hupunguza mafuta bila kuyaacha kabisa. Kwenye matope, gia ya pili mara nyingi ni bora kuliko ya kwanza, kwa sababu ya kwanza hupeleka nguvu nyingi mno na tairi huchimba shimo lake lenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa garaji wanalijua vizuri. Difu ya kawaida ina udhaifu: tairi moja la nyuma likikosa pa kushika, nguvu hukimbilia huko na kuzunguka bure, huku la pili limesimama kwenye udongo mzuri bila kazi. Magari ya mashindano hufungwa difu inayozuia hilo, ili matairi yote mawili yasukume pamoja. Inasaidia sana kutoka kwenye matope, lakini kwenye kona inamtaka dereva awe makini zaidi, kwa sababu magurudumu yote mawili yanaweza kuanza kuteleza kwa pamoja.

Mwaka wa kufukuzwa

Mehta alipokuwa anajulikana kwenye barabara, nchi yake ilikuwa inabadilika. Januari 1971 Idi Amin alichukua madaraka Uganda kwa nguvu za jeshi. Mwezi wa Agosti 1972 alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza wana siku 90 za kuondoka, na amri ikazidi kupanuka. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Walitoka na masanduku machache na fedha kidogo.

Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa walioondoka. Shekhar alihamia Kenya. Kijana aliyezaliwa kwenye mashamba ya Uganda sasa alikuwa mgeni Nairobi, na kitu alichotoka nacho ambacho hakuna askari aliyeweza kukichukua ni ujuzi wake wa kuendesha.

Wasomaji wa Bukavu hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka 1973, Zaire ya Mobutu nayo ilichukua maduka na mashamba ya wageni na kuyagawia watu wengine, na mji huu uliona milango mingi ya biashara ikifungwa. Mambo hayo mawili hayakuwa sawa, lakini familia za pande zote mbili zilijifunza jinsi kazi ya miaka mingi inavyoweza kutoweka kwa tangazo moja.

Dakika 406

Mashindano ya 1973 yalikuwa na uzito wa pekee. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, na Safari iliingizwa kwenye kalenda hiyo. Mwaka uliotangulia, Hannu Mikkola wa Finland alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Wenyeji walitaka kujua kama ushindi utarudi nyumbani.

Mehta aliendesha 240Z akiwa na Lofty Drews kando yake. Drews alishika ramani na saa, Mehta akashika usukani. Källström aliendesha Datsun nyingine, ya aina ya 1800 SSS. Ove Andersson wa Sweden, na Peugeot 504, alimaliza wa tatu.

Hesabu ya mwisho inaonyesha uzito wa kila uamuzi mdogo. Alama 406 ni saa 6 na dakika 46 za kuchelewa zilizokusanywa kwa siku kadhaa. Ndani yake mna kila jiwe lililokwepwa au kugongwa, kila kona iliyochukuliwa kwa utulivu au kwa pupa. Laiti Mehta angetoboa tairi moja zaidi kwa kulizungusha bure juu ya mawe makali, ushindi ungekuwa wa Källström. Laiti angekwama mahali pamoja zaidi kwa sababu ya kukanyaga mafuta mapema, hata kanuni ya kulingana isingekuwa na kazi.

Kanuni yenyewe ilimlipa aliyeanza vizuri. Wapo madereva wanaoharibu matairi na gari mwanzoni kwa kutafuta sifa, kisha wanatumia siku zinazobaki kutengeneza walichoharibu. Mehta alikuwa amekwenda safi kwa umbali mrefu zaidi kuliko mpinzani wake, na hilo ndilo lililompa kombe.

Kungoja, kisha minne mfululizo

Baada ya 1973 ushindi haukurudi haraka. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1974 na tena 1976. Ove Andersson alichukua 1975, Björn Waldegård 1977, na Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa 1978. Mehta aliendelea kushindana, ndani na nje ya Afrika. Alimwoa Yvonne Pratt, ambaye naye alikuwa mtu wa rali, na mara nyingi mke huyo alikaa kando yake kama msomaji wa njia. Mwaka 1981 wawili hao walimaliza wa pili kwenye rali ya Argentina, na mwaka huo Mehta akawa wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva.

Lakini nyumbani kwake kwa kweli palikuwa Safari. Mwaka 1979, akiwa na Mike Doughty na gari la Datsun 160J, alishinda tena. Nyuma yake alikuwa Hannu Mikkola kwenye Mercedes yenye injini ya lita 5, gari kubwa na lenye nguvu kuliko la Mehta. Mwaka 1980 alishinda kwa 160J mara ya pili. Mwaka 1981 alishinda na Violet GT, na mwaka 1982 akarudia. Mwaka huo aliyemfuata alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, dereva aliyekuwa njiani kuchukua ubingwa wa dunia kwa mara ya pili.

Minne mfululizo. Katika mashindano ambayo mara nyingi gari zima lilikuwa bahati, hakuna aliyekuwa amefanya hivyo, na hakuna aliyefanya tangu hapo. Rauno Aaltonen wa Finland, dereva hodari sana, alimaliza nyuma ya Mehta mwaka 1980 na 1981, na hakuwahi kushinda Safari hata mara moja maishani mwake.

Magari hayo ya Datsun hayakuwa ya ajabu. Yalikuwa magari madogo ya familia yaliyoimarishwa, rahisi kutengeneza, na yaliyosukumwa na magurudumu ya nyuma. Wakati huo huo Ulaya ilikuwa inabadilika: mwaka 1981 Audi ilileta Quattro, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, na ikaanza kushinda rali. Wengi waliona kwamba siku za gari la kusukumwa nyuma zinakwisha. Kwenye Safari zilichelewa kwisha. Hata mwaka 1983, Quattro zilipokuja Kenya na kushika nafasi ya pili na ya tatu, aliyeshinda alikuwa Ari Vatanen na Opel Ascona yenye nguvu nyuma peke yake.

Sababu ilikuwa ile ile ya tangu mwanzo. Umbali ulikuwa mrefu, joto lilikuwa kali, na gari lenye vyuma vichache lilikuwa na vitu vichache vya kuvunjika. Dereva aliyejua kugawa nguvu kwa mguu wake hakupungukiwa sana mbele ya mashine iliyogawa nguvu kwa vyuma.

Ajali na kazi ya mwisho

Mwaka 1987, kwenye rali ya Mafarao katika jangwa la Misri, Mehta alipata ajali mbaya sana. Aliumia vibaya, na maisha yake kama dereva wa mashindano makubwa yakafika mwisho. Mtu aliyevuka mito ya Kenya na matope ya masika bila kuvunjika alivunjwa na mchanga.

Hakuuacha mchezo. Aliingia kwenye uongozi, na baadaye akawa mkuu wa kamati ya rali ya FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari. Mwana wa Afrika Mashariki aliyefukuzwa kwao alikaa kwenye meza ambako kanuni za rali za dunia nzima zilitungwa. Safari yenyewe ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na Mehta hakuishi kuiona ikirudi mwaka 2021.

Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa wiki ya Pasaka, majira yale yale ambayo kwa miaka mingi yalimkuta barabarani. Kampuni ya Nissan, iliyotengeneza magari ya Datsun, imehifadhi huko Japani 240Z za Safari, zikiwa na taa zake kubwa mbele na alama za mawe kwenye mabati.

Alichowaachia mashofere

Vijana wengi wa Kadutu wanaojifunza kazi ya ushofere leo hawajawahi kusikia jina la Mehta. Wanapenda picha za magari yenye nguvu kwenye simu, na kwenye picha hizo matairi ya nyuma huzunguka na kutoa moshi. Inapendeza kutazama. Lakini tairi linalotoa moshi ni tairi lililoacha kushika barabara. Kwenye Safari ya 1973, mtu aliyeendesha hivyo angekuwa amepoteza dakika ile moja.

Jambo ambalo maisha ya Mehta yanaonyesha linafaa kwa 240Z na linafaa kwa basi dogo lililojaa abiria na magunia ya unga. Nguvu ya injini haina faida kuliko kile ambacho tairi linaweza kupokea. Tairi lililoisha meno, lenye upepo usiolingana na mwenzake, au lililobebeshwa mzigo kupita kiasi, hupokea kidogo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, inapogeuza vumbi kuwa utelezi, hupunguza hata hicho kidogo. Shofere anayelijua hilo hupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na huongeza mafuta barabara inapoanza kunyooka.

Mehta alikuwa na haraka kama madereva wote. Alishinda mara tano kwa sababu alijua mahali pa kuitumia haraka hiyo, na alilinda matairi yake ya nyuma mpaka hapo.